Wanasema babu anafuga chui, je tulete fundi amtoe?

SWALI: Asalam alaikum sheikh. Naishi kusini Unguja, karibu na msitu. Mbuzi wetu wawili wameuliwa usiku, na tunasikia kilio kama cha mtoto mchanga kinatokea msituni. Mwanangu nae tangu hapo homa zinamrudia. Watu wanasema babu mmoja, ami yake bamkwe wangu, anafuga chui na ndie anaemtuma. Mume wangu na wenzake wanachanga pesa walete fundi, yaani mganga, amtoe huyo chui wa kichawi. Mimi roho hainipi, yule babu hajanifanyia ubaya hata siku moja. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, kwanza mtoto. Mpeleke hospitali leo leo akapimwe, homa inayorudi rudi usiisubirie. Mtume (s.a.w.) kasema jitibuni enyi waja wa Allah, kwa hio msomee Ayatul Kursi na Falaq na Nas na huku dawa anakunywa.

Sasa hilo la chui. Uchawi upo na majini wapo, hapo hatubishani. Ninachokikataa, tena nakikataa kwa nguvu zote, ni mtu kusikia sauti usiku halafu asubuhi akataja jina la jirani yake.

Chui wa Unguja alikuwa mnyama wa kweli kabisa. Alibaki humu kisiwani tangu bahari ilipopanda ikatutenga na bara, zaidi ya miaka elfu kumi nyuma, akawa mdogo kuliko wa bara na madoa yake yamesongamana, na wataalamu walimuandika mwaka 1932. Chakula chake kilikuwa paa, kima na nguruwe. Watu walipokata msitu wakalima na paa wakawawinda, nae akasogea kwenye mabanda ya mbuzi, angekula nini? Na nyinyi huko kusini ardhi yenu ni mawe na mapango kila pahala, mnyama anaingia shimoni anapotea mbele ya macho yako, mtu anarudi nyumbani anaapa kwamba kageuka! Macho kuwaka kama moto ni utando ulio nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, hata paka wako mmulike tochi utaona.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 akatokea mganga akiitwa Kitanzi, akazunguka vijijini kusaka wachawi na chui wao, na chui wakauliwa sana. Wazee wangapi walidhalilishwa mbele ya wajukuu zao Allah ndie anaejua. Je, homa ziliisha? Hasadi ziliisha? Kilichoisha ni chui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walitega kamera katika msitu wa Jozani, huku huku Unguja, wasipate picha yake hata moja, na mwaka 2018 Wamarekani wa televisheni wakaonesha kipande cha video wakasema ni yeye na mpaka leo watu wanabishana. Sasa mnyama asiepatikana kwa kamera, ndio awe analala uvunguni kwa mzee ambae hata kuni anaokotewa?

Kilio cha mtoto mchanga ni komba, mwanangu. Usiku ndio wakati wake wa kuitana na wenzake, na yupo perere pia, mnyama mdogo wa mtini, anapanda juu ya mti anapiga ukelele unaopanda unapanda mpaka nywele zinakusimama. Mwenyezi Mungu anasema hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukae kwa mbawa zake ila ni umma kama nyinyi. Wana lugha zao, hawakutumwa na mtu. Mbuzi nao waangalieni majeraha, mara nyingi ni mbwa hawa wanaozurura kimakundi, wanang'ata miguu na mapaja hovyo. Zibeni banda vizuri.

Najua watakwambia sheikh, mbona ipo hadithi kwamba mkisikia mbwa wanabweka na punda wanalia usiku basi wanaona msiyoyaona? Naam ipo na tunaifuata. Lakini Mtume (s.a.w.) kaamrisha nini hapo? Kasema jikingeni kwa Allah. Hakusema nendeni mkavunje mlango wa fulani. Na ni yeye alieifuta ile imani ya Waarabu wa kijahiliya waliokuwa wakiogopa bundi akitua juu ya nyumba.

Na huyo fundi hata akija na msahafu kwapani, anaedai kujua ya ghaibu na kutaja nani kamroga nani, kumwendea na kumuuliza tu kunakukosesha kukubaliwa swala siku 40. Ni haramu. Pesa hizo mlizochanga ni haramu kumpa, na kumtuhumu mzee kwa dhana ni haramu ya pili juu ya hio. Mwenye kudai alete ushahidi, na ndoto si ushahidi, sauti ya msituni si ushahidi.

Mumeo usimpige vijembe, ana uchungu wa mwanawe na mbuzi wake. Muombe subira mpaka majibu ya hospitali yatoke, halafu mwende pamoja kwa babu, mchukulieni uji au futari, mkae nae, mumuombe amuombee dua mtoto. Mzee aliekimbiwa na kijiji kizima anajua anasemwa nini, na hana wa kumtetea. Muanze nyinyi, na mwende mchana watu wakiwaona. Wakikuuliza mlifuata nini, waambie tulikwenda kumuangalia babu yetu.

Wallahu aalam.