Kibao kiwe mlangoni, si kwenye maegesho

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza kama mgeni anaweza kukielewa kijiji kidogo chenye historia akikizungukia mwenyewe kwa miguu, bila mwongoza watalii. Mimi nasema anaweza, na pengine akakielewa vizuri zaidi, mradi habari ziwekwe palepale jambo lilipotokea. Nasema hivyo kwa sababu ya Eyam, kijiji cha vilimani huko Derbyshire, Uingereza.

Kisa chenyewe kwa ufupi: mwaka 1665 tauni iliingia Eyam. Inasimuliwa kuwa ililetwa na viroboto waliokuwa ndani ya kitambaa alichoagiza mshonaji mmoja kutoka London. Kiangazi cha mwaka 1666, kasisi William Mompesson, akiungwa mkono na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwaomba wanakijiji wajifungie ndani ya mipaka yao, asitoke mtu wala asiingie mtu, ili ugonjwa usiwafikie majirani. Wakakubali. Ulipokoma, mwishoni mwa mwaka huo, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa.

Haya hata ukiwa nyumbani utayasoma. Lakini karibu na kanisa kuna nyumba ndogo za mawe, na mbele ya kila moja kipo kibao kinachotaja waliokuwa wakiishi humo. Kwenye ile tauni ilikoanzia nilisoma: George Viccars, aliyefanya kazi kwa mshonaji, alikufa tarehe 7 Septemba 1665. Edward Cooper, miaka 4, tarehe 22 Septemba. Kaka yake Jonathan, miaka 12, tarehe 2 Oktoba. Mama yao, Mary, ndiye peke yake aliyebaki. Nilihesabu siku kati ya mtoto mmoja na mwingine, nikarudia kuhesabu. Zilikuwa kumi tu. Hakuna aliyekuwa akinihimiza tuendelee, na kwa hilo peke yake nashukuru kwamba sikuwa kwenye msafara. Kisha pazia likasogea dirishani nikakumbuka kuwa humo mna watu wanaoishi, wanaopika na kulaza watoto. Nikashusha sauti, nikasogea upande wa pili wa barabara.

Jambo la pili ni miguu. Toka kijijini ufuate njia ya mashambani kuelekea Stoney Middleton, utafika kwenye jiwe la mpaka. Ni jiwe la kawaida tu, lenye matundu sita juu yake. Wanakijiji waliweka sarafu humo ndani ya siki, wakiamini siki inaondoa ugonjwa, na watu wa nje wakaacha vyakula na kuchukua malipo yao. Nilitia kidole katika tundu moja. Ukingo wake umelainika kabisa kwa vidole vya waliopita kabla yangu. Lakini kilichonishika zaidi ni jinsi safari yenyewe ilivyokuwa fupi. Kijiji cha jirani kiko karibu mno! Mtu mwenye mtoto mgonjwa ndani angeweza kuondoka usiku na kufika kabla jogoo hajawika. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipotembea, kwa sababu kitabuni neno "mpaka" halina urefu.

Nilipata hisia hiyohiyo kwenye makaburi ya Riley, nje ya kijiji, upande wa mashamba. Agosti 1666 Elizabeth Hancock alimzika mume wake na watoto wake sita, katika siku nane, kwa mikono yake mwenyewe. Mawe ya makaburi yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe katikati ya malisho, na kandokando ni majani matupu na upepo. Ukisimama hapo unaona jinsi alivyokuwa peke yake.

Nimewahi pia kutembelea kijiji kingine, sitakitaja, ambako historia yote ilibandikwa kwenye bango moja kubwa penye maegesho ya magari. Aya kumi na mbili! Nilipofika nyumba ya tatu nilikuwa nimeshasahau ipi ilikuwa ya nani, nikarudi kwenye bango, nikachoka, nikaondoka. Kosa halikuwa la kukosa mwongozaji. Maneno hayo hayo yangegawanywa, mistari minne kila mlango, ningekaa mchana kutwa.

Kwa wanaosimamia vijiji vya namna hii, ombi langu ni majina. Andikeni nani aliishi hapa, alikuwa na umri gani, siku gani mauti yalimkuta. Na atakayekwenda Eyam asiishie kanisani na kwenye zile nyumba kwa kuwa ziko karibu. Avae viatu vinavyostahimili matope, aende mpaka kwenye jiwe, na kila lango la shamba atakalolifungua alifunge nyuma yake.