Kuweka modi nyingi kwenye Euro Truck Simulator 2: ushauri kwa anayeanza

Hapa Mbeya mapenzi ya malori hayahitaji maelezo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita jijini, na mtoto aliyekulia Uyole au Mafiati huyajua malori ya Tunduma kwa mlio kabla hajayaona. Ndiyo maana vijana wengi wa huku wakipata kompyuta huanza na Euro Truck Simulator 2, mchezo uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya SCS Software ya Jamhuri ya Cheki, na haupiti muda kabla hawajatamani basi, ramani au tela ambalo halikuja na mchezo wenyewe. Nyongeza hizo, ambazo wachezaji huziita modi, hutengenezwa na wapenzi wa mchezo na nyingi hupatikana bure. Nimekuwa nikiwasaidia vijana wa mtaani kwetu kuziweka na kuzirekebisha, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: mchezo ukigoma baada ya kuweka modi, usikimbilie kuufuta.

Unapoufuta kupitia Steam, yaani programu ya kununulia na kupakulia michezo ya kompyuta, kinachoondoka ni mchezo tu. Modi ulizopakua mwenyewe, profaili zako (yaani kumbukumbu za uchezaji wako) na mipangilio yako hukaa kwingine, ndani ya Documents, katika folda yenye jina la mchezo, na huko hakuguswi. Modi za Steam Workshop, sehemu ya Steam ambako wachezaji hugawana modi, nazo hurudi zenyewe maadamu bado umejiandikisha kuzipokea. Kwa hiyo mtu hununua bando kubwa, hukesha usiku akipakua gigabaiti upya, kisha hufungua mchezo kwa matumaini na kuikuta modi ileile mbovu ikimsubiri palepale. Inaniuma kila ninapoliona hilo, kwa sababu fedha hiyo ya bando mara nyingi ni ya nauli au ya chakula.

Kabla ya kuongeza chochote, tengeneza profaili ya pili ya majaribio na uiache ile unayoichezea kila siku. Modi huwashwa kwa kila profaili peke yake, hivyo ya majaribio inaweza kuvurugika bila kuigusa nyingine. Zaidi ya hapo, nakili folda iitwayo profiles uiweke kwenye flashi. Angalia tu kwamba profaili yako haitumii Steam Cloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Steam, kwa kuwa ikiitumia, data zake huhifadhiwa kwenye folda za Steam na nakala uliyochukua haitakuwa nazo. Tahadhari hii ina sababu: ukinunua lori la modi ndani ya mchezo kisha ukaiondoa modi hiyo, lori hilo hupotea katika safari uliyoihifadhi, na ukibadilisha ramani, mchezo unaweza kukuhamisha kutoka mahali ulipokuwa.

Faili la modi huishia na .scs au .zip, na huwekwa kwenye folda iitwayo mod ndani ya ile folda ya Documents. Faili la .scs halifunguliwi, huwekwa lilivyo. Tatizo huja pale modi inapopakuliwa ikiwa imefungwa kwa .rar au .7z, ambazo mchezo hauzisomi, au ikiwa ni .zip yenye faili la .scs ndani yake. Hizo lazima zifunguliwe kwanza, ndipo .scs ihamishwe. Ukiona modi haionekani kabisa kwenye mchezo, anzia hapo. Kisha hakikisha Windows haijaihamishia Documents yako ndani ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kwa kuwa hapo unaweza kuwa na folda mbili zinazofanana na ukawa unaweka modi kwenye ile ambayo mchezo hauisomi. Linganisha pia ukubwa wa faili ulilopakua na ukubwa ulioandikwa kwenye ukurasa wake, maana umeme au mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kubaki nusu huku jina lake likiwa kamili. Na modi ya mchezo huu haiji kama programu ya .exe. Ukikutana nayo, ifute bila kuibofya.

Sasa tuje kwenye mpangilio, ambako ndiko wanaoanza huteseka zaidi. Katika ukurasa wa Mod Manager, modi zilizowashwa hupangwa kwenye orodha, na iliyo juu ndiyo yenye nguvu. Zifikirie kama mablanketi ya usiku wa Julai huku kwetu: unaweza kujifunika matatu, lakini linaloonekana ni la juu. Modi mbili zikibadilisha faili moja, mchezo hulitumia lile la modi ya juu na kuliacha la chini, mara nyingi bila kukuambia lolote. Kwa mfano, modi mbili za uchumi zinaweza zote kubeba faili la economy_data.sii, ambalo hupanga mambo kama malipo ya kazi na faini. Ukiziwasha zote mbili hutapata wastani wa viwango vyao. Utapata vya modi iliyo juu pekee, na utabaki ukishangaa kwa nini malipo hayabadiliki. Hapo dawa ni kuchagua moja.

Ramani kubwa zina masharti yake. ProMods, kwa mfano, huja kwa mafaili kadhaa yanayopaswa kupangwa kwa utaratibu uliowekwa na watengenezaji, na inahitaji uwe na nyongeza rasmi za ramani zinazouzwa na SCS. Mimi humshauri anayeanza asiguse ramani ya kuunganisha na ramani nyingine mpaka awe ameshaendesha modi za malori, sauti na hali ya hewa kwa utulivu. Malori na matela ni rahisi kuyaondoa yakisumbua. Ramani hugusa karibu kila kitu, na kosa dogo la mpangilio linaweza kuufanya mchezo ujifunge mara tu unapofika eneo fulani.

Ongeza modi moja, ingia mchezoni, endesha kidogo, fungua duka la malori, toka, kisha ndipo uongeze nyingine. Andika kwenye daftari jina la modi, toleo lake na siku uliyoiweka. Najua inachosha, hasa ukiwa umepakua modi nyingi usiku mmoja kwa bando la usiku na unataka kuziona zote kabla ya asubuhi. Lakini ukiziwasha zote kwa pamoja na mchezo ukajifunga, hutakuwa na pa kuanzia.

Mchezo ukijifunga, fungua faili liitwalo game.log.txt, lililo kwenye folda ileile ya Documents, kabla hujauwasha mchezo tena, kwa kuwa ukiuwasha huanza kuandika upya. Lisome kutoka chini kwenda juu. Utaona mistari yenye neno ERROR, na usiogope wingi wake, kwa sababu hata mchezo unaoendelea vizuri huandika makosa kadhaa yasiyo na madhara. Unachotafuta ni majina ya folda na mafaili katika mistari ya mwisho kabla ya kukatika. Kijana mmoja wa chuo aliniletea kompyuta akiwa na hakika kwamba basi aliloliweka jana yake ndilo bovu, kwa kuwa ndilo lilikuwa la mwisho kuongezwa. Mistari ya mwisho ya faili lake haikulitaja basi hata mara moja. Ilirudia jina la folda ya magari ya barabarani, yale yanayoendeshwa na kompyuta, kutoka kwenye modi iliyotengenezwa kwa toleo la zamani. Tuliizima hiyo, na basi likatembea vizuri.

Pale faili hilo lisipokupa jibu, gawanya modi nusu kwa nusu. Zima nusu ya modi zote, jaribu mahali palepale palipogoma. Tatizo likiisha, mkosaji yumo katika nusu uliyoizima. Likiendelea, yumo katika nusu iliyobaki. Endelea kugawanya. Kwa modi 32 unahitaji majaribio matano tu, wakati kuzima mojamoja kunaweza kukufikisha 31. Angalizo ni kwamba mafaili yanayotegemeana, kama vipande vya ramani moja, yazimwe au yawashwe kwa pamoja. Na kama kila nusu inafanya kazi ikiwa peke yake, basi una modi mbili zinazogombana, na hapo rudi kwenye mpangilio.

Chanzo kingine kikubwa ni mchezo kujisasisha wenyewe. Toleo la 1.37 la mwaka 2020, kwa mfano, lilileta mfumo mpya wa sauti, na malori ya modi yaliyotengenezwa kabla yake yakawa hayatoi mlio. Lori likiwa kimya, angalia kwanza limetengenezewa toleo gani. Kama modi uipendayo bado haijasasishwa, bofya mchezo kwenye Steam kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, kisha Betas, na uchague toleo la nyuma. Tumia profaili ya majaribio unapofanya hivyo, kwa sababu safari iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya haina uhakika wa kufunguka kwenye la zamani.

Ukishindwa kabisa, mwandikie mtengenezaji wa modi kwa adabu. Mtajie toleo la mchezo, orodha ya modi kwa mpangilio wake, na mahali hasa mchezo ulipojifunga, kisha umtumie game.log.txt lote badala ya picha ya skrini yenye mistari mitatu. Kabla ya kulituma, lipitie, kwa kuwa anwani za folda zilizomo zinaweza kubeba jina ulilolitumia kuingilia kwenye Windows. Kama ni jina lako kamili, badilisha sehemu hiyo pekee na uache mengine yote kama yalivyo.