Kamera zikizima usiku tu, hesabu wati za swichi kabla ya kununua chochote

Kama kamera zako zinakaa vizuri mchana kutwa, halafu giza likiingia mbili tatu zinaanza kuzima na kuwaka, usikimbilie dukani. Mara nyingi kamera ni nzima. Kilichoisha ni umeme wa PoE, yaani ule unaopita kwenye kebo ya mtandao yenyewe, kwenye swichi: kile kisanduku kinachounganisha kamera zote na kuzipa umeme. Nimefunga na kukarabati kamera, simu za ofisini na akses pointi (vifaa vya kurusha Wi-Fi) Dar es Salaam kwa miaka, na hili ndilo tatizo ninaloona watu wakililipia mara mbili mara tatu bila kupona. Linaniuma, maana dawa yake mara nyingi inaanza na kalamu na karatasi.

Chukua nyumba moja ya wageni niliyoitwa. Swichi ya poti 8, yaani matundu 8 ya kuchomeka kebo, na kamera 8. Boksi la swichi limeandikwa kwa herufi kubwa: 30 W kwa poti. Aliyeinunua aliona 30 mara 8, akaridhika. Ila kwenye lebo ya chini, kwa maandishi madogo, jumla ya umeme wa PoE ni 60 W. Hiyo 30 ni kikomo cha poti moja ikipewa peke yake. 60 ndiyo mfuko mzima wa kugawana.

Kila kamera pale ilikula kama wati 5 mchana. Usiku inawasha taa za infraredi, inapanda hadi 9. Kwa hiyo mchana ni 40 W, hakuna shida. Usiku ni 72 W, na swichi inakata. Swichi nyingi, kipaumbele cha poti kikiwa sawa, huanza kukata zenye namba kubwa, ndiyo maana walioumia walikuwa poti ya 7 na ya 8 kila siku. Zikikatwa hizo zinabaki 54 W. Swichi inajaribu kuirudisha moja: kamera inaamka na wati 5, jumla 59, inakubaliwa. Taa zake zikiwaka tu, jumla ni 63, inakatwa tena. Hivyo hivyo mpaka alfajiri. Pale walikuwa wamekwishabadilisha kamera zote mbili, na kamera mpya zikafanya vilevile.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, fungua ukurasa wa swichi kwenye kompyuta na utafute sehemu ya PoE. Utaona jumla inayoruhusiwa, inayotumika sasa, na kila poti inakula kiasi gani. Kwenye Cisco amri ni show power inline. Fanya hivyo usiku, wakati tatizo lipo. Ukiangalia saa nne asubuhi utaona namba nzuri na utadanganyika. Kama swichi ni ya bei ndogo isiyo na ukurasa, soma lebo za vifaa vyote, chukua kiwango cha juu cha kila kimoja, ujumlishe.

Kuna swichi nyingine zinazokataa hata kama matumizi ni madogo. Hizi hazipimi kinacholiwa. Zinatenga kwa daraja. Kifaa kikijitambulisha kuwa daraja la 3, kinatengewa 15.4 W hata kikila 5. Mfuko wa 60 W hapo unatosha vifaa vitatu tu. Ukikutana na hili, nenda kwenye mipangilio uifanye itenge kwa matumizi halisi, au uweke kikomo cha kila poti kwa mkono.

Hesabu ikikubali na bado kifaa kinazima, shuka kwenye waya. Kiwango cha PoE cha 802.3af cha mwaka 2003 kinatoa 15.4 W kwenye poti lakini kinahakikisha 12.95 tu upande wa kifaa. Kile cha 2009, 802.3at, kinatoa 30 na kuhakikisha 25.5. Tofauti inapotea njiani kama joto, na hapo wamehesabu mita 100 za shaba halisi. Madukani kuna kebo nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba, nyepesi na rahisi bei. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, umepata jibu. Kebo hiyo inapoteza umeme zaidi, na kamera ya mbali getini ndiyo inayoumia kwanza. Jaribio langu ni rahisi: ishushe kamera ile ile, ichomeke kwenye poti ile ile kwa kebo fupi ya shaba, uwashe infraredi. Ikisimama, kosa liko kwenye waya au kwenye kichwa cha RJ45, ile plagi ya mwisho wa kebo.

Usisahau adapta. Swichi ndogo nyingi zinapata umeme wake wote wa PoE kutoka adapta ya nje, na umeme wetu ukipanda na kushuka hizo zinaungua. Anayebadilisha analinganisha volti na tundu, haangalii wati. Swichi inawaka, taa zote kijani, lakini mfuko umepungua nusu.

Kuhusu suluhisho, si lazima ununue swichi kubwa. Kama ni kifaa kimoja kinachokula sana, tuseme kamera inayozunguka au akses pointi kubwa, kipe injekta yake (kijisanduku kinachoingiza umeme wa PoE kwenye kebo ya kifaa kimoja) yenye kiwango sahihi na ukiondoe kwenye hesabu ya swichi. Epuka injekta za volti 24 zisizouliza kifaa kabla ya kutoa umeme. Ni za vifaa vyake maalumu. Wakati unasubiri pesa, weka kipaumbele cha juu kwenye kamera ya geti na ya mapokezi, ili kikikatwa kitu, ikatwe ile ya ukumbini.

Ukinunua mpya, jumlisha viwango vya usiku na uongeze robo juu yake. Kwa kamera zile 8 ni 90 W. Kisha angalia UPS inayobeba hiyo swichi, kwa sababu wati zote hizo sasa zinatoka kwenye betri yake umeme ukikatika.