Usizime injini gari likiwa mwendoni (jibu kwa ndugu wa Mambrui)

Ndugu, acha mara moja. Umeandika kwamba unatoka Mambrui kuja Malindi mjini kila siku, umefundishwa kuweka nyutro na kuzima injini unapoteremka Sabaki ili kubana petroli, na sasa asubuhi stata inazunguka kwa uvivu. Umeuliza ununue betri gani, kama kipaneli cha sola kitafaa, na ufanyeje chaji isiishe. Usinunue kitu kwanza.

Mimi ujanja huo nilifundishwa stendi na dereva mmoja anayejiita bingwa wa mafuta. Nilikuwa nikipeleka samaki Mombasa, kilomita 120 hivi, na petroli inakula faida yote. "Kila mteremko zima, kila foleni zima," akaniambia. Hakusema kwamba alterneta, ile mashine inayoichaji betri, huzungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikizimwa hakuna kinachochaji, na kila kilichowashwa garini kinainywa betri. Alfajiri taa kubwa zinawaka: mbili za wati 55 peke yake hula karibu ampea 9. Weka na feni, redio, simu kwenye chaja. Kule kuwasha tena si hasara kubwa, maana stata huvuta ampea mia na zaidi lakini kwa sekunde chache. Kinachoimaliza betri ni zile dakika za kutembea kimya, kisha injini inawaka kidogo tu na kuzimwa tena kabla haijarudisha kilicholiwa.

Siku iliyoniumiza nilikuwa nateremka kuelekea daraja la Kilifi, injini imezimwa, kreti zimejaa changu na tafi, barafu juu. Breki ya kwanza ikashika. Ya pili ikawa ngumu. Ya tatu pedali haishuki, kwa sababu kinachoilainisha breki ni mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, na injini ikilala unabakiwa na mikanyago miwili mitatu basi. Usukani nao ukawa mzito. Nilishukuru Mungu hapakuwa na lori mbele. Nikalisimamisha kando kwa breki ya mkono, nikageuza ufunguo: tak, tak, tak. Gari ni la otomatiki, hata mkisukuma kijiji kizima haliwaki. Mpaka nikapata mwenye nyaya za jampa za kuniazima chaji ya betri yake, jua limeshapanda, barafu imekuwa maji, na mnunuzi wangu alipofungua kreti ya kwanza akafunga tena.

Yule bingwa nilipomweleza akanijibu eti betri yangu ni ya bei rahisi! Nikaenda dukani, wakaniuzia mpya bila hata kuipima ya zamani. Nayo ikafa dhamana haijaisha, na dhamana wakaikataa, wakisema imekaa bila chaji. Hapo ndipo hasira yangu iko hadi leo: watu wawili walikula pesa yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninaendeshaje.

Fundi mmoja mzee wa umeme wa magari hapa Malindi ndiye aliyeuliza. Akapima kabla ya kuwasha: volti 12.1. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kama 12.6, na 12.2 ni kama nusu. Akawasha, ikapanda 14.2. "Alterneta nzima," akasema, "betri ina njaa." Betri ya asidi ikiachwa nusu chaji, salfeti ya risasi hugandamana kwenye bamba zake, na joto letu la pwani huzidi kuichakaza. Ikishaganda sana, hata uichaji usiku kucha haishiki.

Na faida yenyewe haipo. Magari ya injekta, yaani yenye vinyunyizio vya petroli vinavyoongozwa kwa umeme, ambayo ndiyo karibu yote tunayoendesha sasa, ukitoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia, injekta hufunga na petroli haiingii kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inaizungusha alterneta. Unateremka Sabaki bila kuchoma mafuta, betri inachajiwa, breki zipo, usukani upo. Ukiweka nyutro injini ikiwaka, hapo ndipo unachoma, maana lazima inywe ili isizimike. Kwa hiyo toa mguu mapema, acha gia, kwa otomatiki acha kwenye D. Magurudumu yakizunguka injini iwe inawaka, na sitaki kusikia "lakini mteremko ni mfupi".

Ukiwa umesimama ni habari nyingine. Foleni ya Mtwapa ikiganda kweli, zima, lakini zima na taa kubwa na feni pia, na usirudie kila unaposogea hatua mbili. Usiku usizime.

Angalia na vichwa vya betri. Upepo wetu wa chumvi huviotesha unga mweupe wa kijani, na hapo chaji haipiti vizuri. Maji ya moto na magadi ya kupikia, sugua, kausha, paka grisi.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, mwombe fundi akupimie, kisha apime tena injini ikiwaka. Ziandike hapa hizo namba mbili, ndipo tuzungumze habari ya kununua.