Nondo mkubwa ukutani: ngoja uone bawa la nyuma

Ukitaka kumtambua nondo mkubwa wa Uganda, usianzie kwenye rangi. Chukua Bunaea alcinoe, anayeweza kufikia sentimita 15 hivi mabawa yakikunjuliwa: mmoja ni kahawia iliyokolea, mwenzake anaelekea wekundu, na wote ni wa aina moja.

Mimi huwatafuta alfajiri, mvua za Machi hadi Mei au za Septemba hadi Novemba zikishashika. Napita kwenye kuta za gesti na vituo vya mafuta vinavyowasha taa usiku kucha karibu na msitu: barabara ya Jinja pale Mabira, au ukitoka Fort Portal kuelekea Kibale. Usiku wa giza usio na mwezi ndio mzuri zaidi. Ongea na mlinzi mapema: "Afande, wale wakubwa naomba usiwafagie, nakuja asubuhi." Wengi hukubali. Lakini uwahi, maana ndege nao wanaujua ukuta huo; wakikutangulia utaokota mabawa matupu sakafuni.

Nondo akitulia, bawa la mbele hulifunika la nyuma, na alama unayoihitaji iko huko nyuma. Tafadhali usimvute. Ule unga utakaobaki vidoleni mwako ni magamba yake, na ndiyo yanayobeba rangi na michoro. Mpige picha kwanza alivyo, kamera ikiwa sambamba na ukuta, rula kando yake. Kisha mguse taratibu kwa ncha ya jani. Mara nyingi atafungua mabawa ghafla, na hapo utaiona alama kama jicho, ya rangi ya chungwa yenye ukingo mweusi. Piga hiyo ya pili haraka. Tazama na vipapasio: vya dume ni vipana kama manyoya, humsaidia kunusa jike aliye mbali.

Usimfungie chupani umwonyeshe rafiki kesho. Hana mdomo wa kulia. Anaishi siku chache tu kwa akiba aliyoila akiwa kiwavi, na usiku mmoja kwake ni sehemu kubwa ya muda wa kutafuta mwenza. Ukimaliza, mwache apande kwenye kijiti, umhamishie kwenye majani mazito.

Picha zote mbili zipeleke iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua, pamoja na tarehe, mahali na miti iliyo karibu. Kama hukulipata bawa la nyuma, andika familia tu, Saturniidae, kwa sababu jamaa zake kadhaa wakifunga mabawa hufanana naye sana.