Maswali na majibu: pipa la maji, kingatiba na kipimo cha malaria

Haya ni ya wasomaji wa Mtwara na Lindi kuhusu kazi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Newala maji ni ya shida, tunayahifadhi kwenye mapipa. Mhudumu anatuambia tumwage kuzuia mbu. Tutakunywa nini?

Alipaswa kuwaambia msugue. Aedes, mbu wa dengue na chikungunya, hubandika mayai meusi, madogo mno, ukutani mwa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji. Yakikauka hukaa hai miezi kadhaa. Maji yakipanda, yanaanguliwa. Kumwaga peke yake hakuyaondoi. Kila wiki, pipa likikaribia kwisha, chuja maji yaliyobaki kwa kitambaa uyaweke kwenye ndoo, sugua ukuta kwa brashi ngumu na sabuni, suuza, jaza, kisha funika kwa kitambaa kizito na ukifunge kwa mpira. Tunasema wiki kwa kuwa kwenye joto letu yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kisima cha kuvunia mvua hakisuguliki namna hiyo: kiwe na mfuniko usioacha upenyo, na wavu kwenye bomba la kuingizia na la kufurikia.

Chikungunya yenyewe ilitambuliwa mara ya kwanza huko huko kwenu, Uwanda wa Makonde, mwaka 1952 hadi 1953. Mhudumu anayekagua madimbwi na kuruka mapipa ya ndani hajakagua.

Kwenye kingatiba (dawa za kukinga ugonjwa wanazogawiwa watu wote) ya matende na mabusha, mbona tunapimwa urefu, tena mgawa dawa anasimama mpaka umeze? (Lindi)

Urefu unashika nafasi ya uzito, maana mizani ni taabu kuibeba nyumba kwa nyumba. Sentimita 90 hadi 119 ni kidonge 1 cha ivermektini cha miligramu 3. 120 hadi 140, viwili. 141 hadi 158, vitatu. 159 na kuendelea, vinne. Juu yake albendazoli 1 ya miligramu 400. Asiyefika sentimita 90, mjamzito, aliyejifungua ndani ya wiki moja na mgonjwa mahututi hawapewi.

Kidonge kikiishia mfukoni, rejista itasema kimemezwa huku minyoo michanga inayoleta ugonjwa huu ikibaki kwenye damu na mbu akiisambaza. Minyoo mikubwa huishi miaka kadhaa, ndiyo maana dawa hurudiwa kila mwaka. Busha lililokwisha kujaa halinywei kwa vidonge. Hilo ni la kupasuliwa. Homa na muwasho wa siku moja mbili hutokana na minyoo inayokufa. Mgawa dawa asipolisema hilo mapema, mwakani atakuta milango imefungwa.

Mimi ni mhudumu, Nachingwea. Mtoto alimaliza dawa mseto wiki 2 zilizopita, homa imerudi na kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Nimpe tena?

Usimpe. Vipimo vingi vya haraka husaka protini ya kimelea, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mpe rufaa aende penye hadubini, ukiandika tarehe aliyoanza dawa. Akiwa na degedege, anatapika kila kitu, hawezi kunywa au amelegea, aende sasa hivi.

Chandarua kipya kinawasha uso.

Kitandaze kivulini saa 24 kabla ya kukilalia. Usikianike juani, jua linaua dawa.