Maswali na majibu: Kuhesabu minazi kwa satelaiti na kwa miguu

Barua nyingi zilizonifikia msimu huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ikiwa picha za satelaiti zinapatikana bure, mtu ana haja gani ya kuingia shambani kuhesabu minazi? Nitayajibu maswali kwa zamu, na wale ambao maswali yao yameshajibiwa hapa mara tatu watanisamehe nikiwajibu kwa mkato.

Nimehesabu minazi ya shamba letu la urithi kwenye picha ya satelaiti ya simu, nikapata 212. Ndugu zangu wanataka tugawane kwa hesabu hiyo. Je, inatosha? (Msomaji, Mikindani)

Haitoshi. Tazama kwanza tarehe ya picha, kwa sababu huenda ilipigwa miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo minazi mingine imekatwa na mingine imekufa. Minazi miwili iliyoota karibu huonekana kama mmoja, na miche iliyo chini ya miembe haionekani kabisa. Piteni shambani wote kwa pamoja, na kila shina mlilolihesabu mlipake chokaa. Mirathi imeshagombanisha watu kwa mambo madogo kuliko hayo.

Nimetengeneza ramani ya minazi ya wilaya kwa picha za satelaiti ya Sentinel-2. Nikizidisha hekta kwa minazi 123, si nitapata idadi ya minazi yote? (Afisa ugani, Lindi)

Hapana, ndugu yangu, na ningeomba hesabu hiyo isiingie katika taarifa yoyote. Namba 123 inatokana na shamba lililopandwa kwa mistari, mita 9 kwa 9, ambapo kila mnazi unamiliki mita za mraba 81. Ukipanda kwa pembetatu kwa nafasi hiyohiyo, hekta moja inabeba takriban 143. Sasa niambie ni wapi, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Msimbati, umeona mashamba ya wenyeji yaliyopandwa kwa kamba namna hiyo. Minazi yetu imechanganyika na mikorosho, miembe na mihogo. Hapa imesongamana, pale umesimama mmoja peke yake nyuma ya choo.

Zaidi ya hapo, fikiria kinachoonekana na satelaiti hiyo. Pikseli moja ya Sentinel-2 (nukta moja ya picha yake) ina upande wa mita 10, yaani mita za mraba 100. Mwavuli wa makuti wenye upana wa mita 8 unafunika mita za mraba 50 hivi, ambazo ni nusu ya pikseli, na nusu iliyobaki ni mchanga, majani au mkorosho wa jirani. Ramani yako, hata ikiwa nzuri, inakuonyesha mahali ambapo minazi inatawala; haikuhesabii shina hata moja.

Itumie kwa kazi inayoiweza, ambayo ni kugawa wilaya katika matabaka: minazi iliyosongamana, minazi ya mchanganyiko, na maeneo yenye minazi michache. Kisha chagua viwanja vya sampuli kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka, uhesabu minazi ya viwanja hivyo kwenye picha kali ambayo kila mnazi unaonekana, halafu uende kuhesabu baadhi yake kwa miguu. Kwa mfano, ikiwa picha ilitoa minazi 40 na ardhini ukakuta 52, uwiano ni 1.3, na uwiano wa namna hiyo, ukipatikana kwa viwanja vya kutosha, ndio unaosahihisha hesabu ya picha. Si jambo geni nchini: tathmini ya misitu ya taifa, NAFORMA, ilitumia picha za satelaiti kupanga matabaka na watu waliopima miti ardhini.

Nakuomba pia uandike kiwango cha kosa. Ramani ya minazi ya dunia kwa mwaka 2020, iliyochapishwa mwaka 2023 kutokana na picha za Sentinel-1, ambayo ni satelaiti ya rada, na Sentinel-2, ilikadiria hekta milioni 12.3 za minazi iliyosongamana, na watafiti walioitengeneza wakaandika wenyewe kwamba makadirio yanaweza kupanda au kushuka kwa hekta milioni 3.8. Ikiwa wao hawakuona aibu kuandika hivyo, sisi tunaotoa namba kavu hadi mnazi wa mwisho tunamdanganya nani?

Viwanja vya sampuli viwe vingapi? (Wasomaji wanne, na wengine mwaka jana)

Hakuna anayeweza kukujibu bila kujua minazi yako inatofautiana kiasi gani kati ya kiwanja na kiwanja. Pima vichache vya majaribio kwanza. Tofauti ikiwa asilimia 60 ya wastani, na ukakubali kosa la asilimia 20, viwanja 36 vinatosha. Ukitaka kosa la asilimia 10, unahitaji 144. Kosa likipungua kwa nusu, kazi inaongezeka mara nne, kwa hiyo panga bajeti kabla ya kumuahidi mkubwa wako namba nzuri.

Viwanja vyote visiwe kando ya barabara. Nimeona sampuli ambayo kila kiwanja kilifikiwa kwa pikipiki bila mpimaji kuloa kiatu, na minazi ya barabarani si kama ya ndani ya mabonde.

Kwa nini ramani yangu inaita mikorosho minazi? (Mwanafunzi, Mtwara)

Kwa sababu yote huwa na kijani mwaka mzima. Tumia picha za kiangazi, Juni hadi Septemba, wakati mawingu ni machache na majani ya chini yamekauka, kisha uongeze picha za rada za Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu na huona umbo zaidi kuliko rangi. Mivumo, kwa kuwa ni jamii moja na minazi, itaendelea kukudanganya. Hiyo inatatuliwa kwa miguu.

Mnazi uliolala, shina liko ndani ya kiwanja na makuti yako nje. Nauhesabu? (Mpimaji, Msimbati)

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, kwa kuwa aliyeuliza amefika shambani. Hesabu kwa shina linapotoka ardhini. Pale ufukweni kwenu nimepima mnazi ambao mzizi wake ulikuwa ndani ya kamba yangu na makuti yalikuwa mita sita mbele, juu ya maji. Kwenye picha ungeapa kwamba umeota baharini. Ndiyo maana kiwanja cha picha na kiwanja cha ardhini havitalingana mnazi kwa mnazi, na anayelazimisha vilingane anapika hesabu. Shina likikaa juu ya mpaka wenyewe, lihesabu pande mbili ulizozichagua kabla, tuseme kaskazini na mashariki, na uliache pande nyingine mbili.

Ukiwa hapo, muulize mkwezi ni mipi inayozaa. Atakujibu kabla hujafungua daftari.

Satelaiti inaweza kuonyesha ugonjwa wa kunyong'onyea mapema? (Mkulima, Kilwa)

Mapema, hapana. Ugonjwa huo huanza kwa kupukutisha matunda bila kuchagua umri, vidaka, vitale na madafu pamoja. Kisha karara mpya hutoka nyeusi, na ndipo makuti hugeuka manjano kuanzia ya chini. Satelaiti inatazama kutoka juu, yaani upande ambao dalili hufika mwisho. Mnazi ukishadondosha kilele hubaki nguzo, na nguzo haionekani kwenye pikseli ya mita 10. Manjano pia huweza kuletwa na ukame. Tembea chini ya minazi yako kila mwezi na utazame kilichodondoka.

Naweza kurusha droni mwenyewe? (Mtwara)

Pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukumbuke kwamba unaishi mkoa wa mpakani wenye mitambo ya gesi.

Satelaiti inaweza kuhesabu madafu? (Lindi)

Haiwezi. Mpandishe mkwezi.